Nilimdanganya Planton Wetu Kuhusu Picha

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, mi mwenyewe nimekwisha vitafuta vyote, hakuna hata kimoja kilichonitosha!

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wabelgiji wamekwenda, viti vyao tumevikalia sisi, na mi nilikuwa karani wa gishe, lile dirisha la kupokelea watu, katika ofisi moja hapa Bujumbura iliyotoa karatasi za kusafiria. Nilikuwa na tai mbili na muhuri mmoja. Jamani, ule muhuri! Watu walinisalimia toka mlangoni.

Mlangoni alikaa Melkiori, planton wetu. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili na kuinuka direkteri akipita, basi. Tulikuwa majirani katika mtaa wa Ngagara. Asubuhi tulishuka kazini pamoja, yeye anaendesha baiskeli, mi nimekaa nyuma na tai yangu.

Siku moja Melkiori akaacha kiti. Hakuna aliyemtuma! Akasimama uani, akawa anauliza kila mutu: "Mama, unatafuta nini? Onyesha karatasi zako." Aliyekosa kitu anaambiwa mapema. Asiyejua kuandika anajaziwa fomu. Wakifika kwangu kila kitu kiko sawa, mi ni kugonga muhuri tu.

Mwanzoni tulicheka. Bertilde, daktilo wetu wa kupiga mashine, alimwita "Bwana Waziri". Kisha kicheko kikatuishia. Ndizi za shukrani zikawa zake, salamu zikawa zake, na mi wananipita kama ukuta!

"Huyu anatutafutia taabu," Bertilde akasema. "Kesho direkteri atauliza na sisi tumeongeza nini."

Maneno yale yakaniingia. Asubuhi moja tukiwa njiani nikamwambia, bila hata kukohoa: "Melki, sheria imebadilika. Sasa ni picha tatu, si mbili."

"Asante, kaka," akasema, akaendelea kukanyaga pedali.

Ee Mungu wangu! Akaanza kurudisha watu. Na aliyefika gishe na picha tatu, ile ya tatu niliitupa ndani ya droo.

Akaja mama mmoja wa Ruziba. Binti yake alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, karibu ajifungue, uzazi wa kwanza. Mama ana picha mbili safi. Melkiori akamrudisha. Mpiga picha naye akamwambia angoje filimu ijae kwanza. Aliporudi na ya tatu, siku nane zilikuwa zimepita na habari zimemfikia: mtoto amekwisha zaliwa.

"Mujukuu amezaliwa mi niko kwa mpiga picha!" alipiga kelele mpaka direkteri akatoka.

"Nani alisema picha tatu?"

Melkiori akaniangalia, mara moja tu. Kisha akasema: "Ni mi, Bwana Direkteri. Nilichanganya."

Na mi nilikuwa wapi? Nilikuwa nafuta muhuri wangu kwa kitambaa!

Akarudishwa kwenye kiti. Mwezi haukuisha, kampuni moja ya pamba ikamchukua kupokea wageni. Sisi tukabaki na foleni inayotoka mpaka barabarani. Huyu hana picha, yule hana sahihi, wote wananifokea mimi. Chakula cha mchana nikakisahau. "Si ulikuwa unamcheka?" Bertilde akaniambia. Yaani kama yeye hakuwepo!

Jumapili moja, baada ya misa, nikamfuata Melkiori nyumbani kwake nikasema yote. Alikuwa anaosha mashati yake ya kazini. Hakuinua kichwa.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Ni we peke yako uliyeniambia."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Wangekufukuza. Una watoto wane." Akakamua shati. "Lakini kazi ile niliipenda, kaka. Niliipenda sana. Kuja kunisalimia unaweza. Kuniletea habari za kazi, apana."

Direkteri hajaambiwa mpaka leo. Kama anasoma hapa, basi sasa anajua.

Na we uliye na mwenzako aliyeacha kiti chake akaenda kuwapokea watu uani, mcheke kama lazima umcheke. Lakini akikuuliza sheria, mpe ile ya kweli! Mama wa Ruziba alitaka tu kumshika binti yake mkono saa ile ya uchungu. Mi nikamnyima, kwa sababu watu walikuwa hawanisalimii.