Walivyoiloweka Sauti ya Mihayo

Modesta alipoliona beseni uani, alidhani mtu ameloweka vyombo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yana povu la sabuni, na ndani yake zimelala CD za marehemu mumewe, karibu zote. Kila moja ilikuwa imebandikwa picha: Mihayo na suti ya harusi, Mihayo amempakata Winnie siku ya ubatizo, Mihayo mbele ya kwaya ya kigango cha Kisesa, mikono hewani. Baadhi ya picha zilikuwa zimeshabanduliwa na kuanikwa kwenye kamba kama soksi za mtoto.

"Shemeji, usivute, zitachanika!" Masele alipiga kelele kutoka barazani.

Masele alikuwa mdogo wake Mihayo. Alikuwa amekuja kutoka Nansio kusimamia maandalizi ya misa ya mwaka mmoja, na tangu afike hakukuwa na jambo ambalo halikupitia kwake, kuanzia maturubai hadi chumvi.

"Umeziloweka kwa nini?"

"Za fulana na bango. Picha za simu zina ukungu. Hizi mtazame mwenyewe, meno yote yanaonekana."

Modesta akaokota CD moja iliyobanduliwa. Ngozi yake ya fedha ilikuwa imeondoka pamoja na gundi. Mkononi mwake kulibaki duara la plastiki lisilo na kitu, linaonesha upande wa pili kama dirisha. Aliliinua akamwona Masele ndani yake, anatabasamu.

"Masele, hapo ulipobandua ndipo alipokuwa anaimba."

"Si studio watatengeneza nyingine?"

"Watengeneze kwa kitu gani? Kanda zilishatupwa. Au Mihayo atoke makaburini aje kuimba upya?"

Alizianika zile zilizobaki, akazipangusa moja moja kwa kitambaa cha madhabahu kilichochakaa, akazijaribu kwenye deki. Deki ilizizungusha, ikakohoa, ikazitema. Hakuna hata moja iliyosoma.

Watu wa Mabatini wanaomjua Modesta wanajua kwamba si mwanamke wa kuchezewa. Anauza mchele. Mkulima wa Magu akimletea gunia akaapa kwamba limekauka, yeye huchukua punje moja, huiuma, husikiliza mlio wake, kisha humwambia arudi akaanike. Alimaliza kidato cha nne akaolewa na mwalimu wa kwaya ambaye hakuwahi kulipwa kwa kazi hiyo. Kitu pekee cha anasa alichokuwa nacho Mihayo kilikuwa kamera ya video, aliyouziwa na padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Hakupiga harusi za watu. Alimrekodi mama yake akipepeta, watoto wakikariri sala, kwaya ikikosea na kurudia. Baadaye studio moja ya mjini ilimhamishia kanda zake kwenye CD, ikamhakikishia kwamba CD haifi, hivyo kanda akazitupa. Picha za kubandikwa juu ya CD zilikuwa ndio mtindo. Nyumba yoyote yenye heshima ilitaka CD zake ziwe na sura, zisije zikachanganywa na za filamu.

CD moja tu ilipona, kwa sababu haikuwa na picha na kwa sababu siku ya beseni ilikuwa tumboni mwa deki. Ilikuwa ya mazoezi ya Pasaka. Modesta aliitazama mara nyingi baada ya mazishi, na tayari ilikuwa inaganda katikati ya Aleluya, Mihayo amefungua mdomo na sauti haitoki. Ikifa hiyo, basi sauti ya Mihayo duniani imekwisha.

Winnie, binti yake, alimshauri kwa simu aiweke mtandaoni.

"Mtandaoni wapi? Picha zako za mahafali si uliziweka huko?"

"Nilisahau neno la siri, mama."

"Sasa unataka na baba yako tumsahaulie huko huko?"

Akaenda kwa Jonathan, fundi wa deki na kompyuta jirani na genge lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka CD isiyokufa. Na usinidanganye kama walivyomdanganya mume wangu."

"Zote zinakufa, mama. Kama sisi."

"Sisi tuna ufufuo. Hizo hazina."

Jonathan akacheka, akamsogezea boksi la DVD za kawaida, zenye maandishi ya dhahabu juu. Modesta akazigeuzageuza. Mchele angeuuma. Hizi aziume wapi?

"Hizi umeniletea kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu ndizo unazo?"

"Ndizo ninazo," Jonathan alikiri, akaanza kujikuna shingo. "Ngoja nikueleze. Humu ndani kuna rangi. Mashine inaichoma kwa mwanga, ndivyo inavyoandika. Sasa jua la Mwanza nalo ni mwanga, na joto nalo halina huruma. Rangi inapauka kama kanga iliyosahauliwa kambani."

"Na wewe ulitaka kuniuzia."

"Mama, wateja wengi wanataka ya harusi tu, waitazame wiki moja."

"Mimi ni mjane, si bibi harusi. Endelea."

Akamwambia zipo DVD nyingine ambazo hazitegemei rangi. Tabaka lake ni gumu kama jiwe, na mashine inachimba maandishi badala ya kuyachora. Waliozitengeneza wanasema zitadumu kuliko wajukuu wa wajukuu. "Mimi sijaishi huko kuthibitisha," alisema. Zipo pia za Blu-ray zinazobeba mambo mengi zaidi, lakini deki ya nyumbani isingezisoma. Modesta akaona haina maana kununua jiwe lisilo na msomaji. Akachagua DVD ile ngumu. Jonathan aliagiza Dar es Salaam, na ile CD inayoganda akaisomesha kwenye kompyuta taratibu, akiirudia palipogoma, mpaka Aleluya ikapita.

"Tutachoma mbili. Zikae nyumba mbili, mbali na jua," alionya. "Na usibandike kitu. Gundi inaivuta upande mmoja, ikizunguka inayumba."

Zilipokuwa tayari, Modesta akazifikisha nyumbani na kumkuta Masele amekaa na ndugu sebuleni. Mapajani ana karatasi za kubandika, zimechapwa sura ya Mihayo, duara kwa duara, na tundu katikati ya tai.

"Lete shemeji, tuzivalishe."

"Hazivalishwi."

"DVD ya marehemu bila sura yake! Watu watasema tumemzika kama mbwa."

Hapo ndipo hasira aliyoimeza tangu siku ya beseni ilipompanda. "Watu, watu! Mwaka mzima mmenishonea sura yake kwenye fulana, mmeitundika kwenye bango, mmeiweka kwenye vikombe. Kuna aliyeniuliza alikuwa anasema nini? Mmemfanya Mihayo kibandiko! Mimi nimelala na yule mtu, nimesali naye rozari, nimegombana naye. Alikuwa na sauti!"

Shangazi Roza alijifanya kufunga kilemba upya. Modesta akaiweka DVD moja ndani ya deki, na Mihayo akatokea, jasho usoni, anagonga benchi kwa rula.

"Besi, simama! Masele, unaimba au unaita ng'ombe waje kunywa maji? Rudia."

Sebule ikaangua kicheko. Masele naye alicheka, kisha akashindwa kuendelea. Akafunika macho kwa zile karatasi alizoshika, zikaloa.

Misa ya mwaka ilipokwisha, Modesta alibaki na jambo lililomuudhi kuliko yote. Nyumba ya pili ilikuwa ipi? Winnie anahama vyumba kila mara. Ofisi ya kigango inavuja. Alimwuliza Mungu kama kweli hakuna nyumba nyingine katika ukoo wote yenye dari na kabati linalofungwa, na jibu likawa lile lile: ya Masele. Akamfuata Masele uani asubuhi, akamkuta anafunga begi lake la safari ya Nansio.

"Shika. Hailowekwi, haibandikwi, haiazimishwi. Ukitaka kumwona, washa deki."

Masele aliipokea kwa mikono miwili, akiishika pembeni pembeni tu. "Umenisamehe, shemeji?"

"Bado. Ninakupa kwa sababu una nyumba."

"Wabeja," Masele alishukuru kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo. Akatoa nguo zake zote kwenye begi, akaanza kulipanga upya kuanzia chini.