Vyoo Tulivyowachimbia Walioshiba

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, ambayo nilikula nyama ya ng'ombe mpaka nikalegeza mkanda, na shibe ile hadi leo inanitia hasira. Usicheke. Kaa vizuri unisikilize, maana jana uliponisomea ile karatasi yenu nilinyamaza kwa adabu tu, si kwa kuridhika. Umechaguliwa kwenye kamati ya afya ya mtaa hapa Buswelu, hongera sana. Mnataka kuzuia presha na kisukari kabla havijawalaza watu kitandani, na hilo ni jambo jema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nilipokuuliza wale wanaoishi kule juu kwenye vilima vya mawe, wanaopanda na ndoo kichwani, watapimwa lini, ulinijibu, "Hao awamu ya pili, babu." Awamu ya pili! Mimi nililisema jambo hilohilo kabla mama yako hajazaliwa, kwa maneno mengine tu, na leo nitakueleza lilizaa nini.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, Uhuru tukiusikia kwenye mikutano na kuuota usingizini. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Magu, ufukweni kabisa. Kwenye mwinuko walikaa wenye ng'ombe na mashamba ya pamba. Chini, karibu na maji, walikaa wajane, wavuvi waliohamia kutoka Ukerewe, na wale waliokuwa wakipanda mpunga wa watu wengine kwenye majaruba. Dada yangu Kabula alikaa huko chini na binti yake Limi, tangu alipofiwa na mumewe. Dada huyo ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, kwa hiyo utakapomsikia akinikaripia, ujue haki hiyo alikuwa nayo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na vijana wenzangu walikuwa wamenichagua kuwa nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana wa kazi. Kwetu Usukumani cheo hicho hakikuwa mchezo. Mtu akitaka shamba lake la pamba lipaliliwe, anakuja kwangu. Ngoma inapigwa, vijana wanatoka na majembe, tunalima tukiimba tangu asubuhi, na mwenye shamba anatupikia. Asiyepika halimiwi. Ni mila nzuri kwa palizi, wala siikatai.

Basi akaja bwana afya kwa baiskeli, na ndani ya mfuko wake alikuwa na chupa ya konokono. Tulicheka tulipoiona. Akatuacha tumalize kucheka, kisha akatueleza habari ya kichocho cha tumbo: kwamba mtu mgonjwa akijisaidia kando ya maji, vijidudu huingia ndani ya konokono wale, hutoka humo vikiwa vingi, na kumpenya kwenye ngozi yeyote anayeoga, anayechota au anayesimama jarubani. Akasema ugonjwa huo hauna haraka. Hukaa mwilini miaka, ukila ini taratibu, mpaka tumbo livimbe na mtu atapike damu. Dawa ipo, akasema, lakini ni sindano kali tena nyingi, na mgonjwa akirudi kwenye maji yaleyale anaugua upya. Dawa ya kijiji ni choo katika kila nyumba, na kisima chenye kifuniko.

Mkutano mzima ukakubali. Nikasimama mimi, kichwa kimenivimba, nikasema vijana wangu watachimba vyoo vyote bila kusubiri serikali. Nilipigiwa makofi mpaka mbwa wakabweka. Mzee mmoja akauliza, "Mtaanzia wapi?" Nikajibu, "Tutaanza kwa aliyepika!" Watu wakaangua kicheko, na jambo likapita. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Siku ile neno liliharibika wazee wakitazama na kucheka.

Unaona kosa lilipo? Nilichukua mila ya palizi nikauvika ugonjwa. Pamba ya mtu ikimezwa na magugu hasara ni yake, lakini ziwa ni la wote.

Kiangazi kile tulichimba kweli, sisemi uongo. Tulianza kwa Mzee Ngasa, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, naye akachinja dume. Hiyo ndiyo nyama niliyokwambia. Kisima nacho tulikichimba karibu na zizi lake, kwa sababu alituahidi dume jingine. Tukaenda kwa jirani yake, aliyetupikia wali na mbuzi wawili. Tukaendelea hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, harufu ya kitoweo ikituongoza. Yupo aliyechimbiwa choo cha pili kwa ajili ya wageni. Cha wageni, mwanangu! Na huko chini hakuna hata nyumba moja iliyokuwa na shimo.

Dada Kabula alipanda siku moja akatukuta tumekaa kula. Wenzangu wakamwamkia, naye akaitikia, kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu, zamu yetu sisi wa chini ni lini?"

"Dada, ukipata kitoweo tu, vijana wako tayari."

"Nina ugali wa muhogo na dagaa."

Kijana mmoja akadakia, "Dagaa watachimba shimo la futi kumi?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Dada aliyenibeba mgongoni, nikamcheka mbele ya watu kwa sababu ya dagaa. Alijitwisha kikapu chake akateremka. Wahenga hawakukosea, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mvua zikaja, mpunga ukapandwa. Limi alikuwa na miaka kama kumi na minne, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wanawake wazima, kwa hiyo kila mwenye jaruba alimtaka. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba zamani, tukadhani ni bandama, mama yake akimchemshia mizizi. Asubuhi moja akiwa katikati ya jaruba la Mzee Ngasa alitapika damu. Nilimpakia kwenye baiskeli mpaka barabarani Magu, tukapanda basi hadi hospitali mjini Mwanza, na mama yake alibaki akilia.

Daktari alimpapasa tumbo, akaniita pembeni.

"Kwenu kuna vyoo?"

"Vipo, daktari. Tumechimba wenyewe," nikasema, tena kwa majivuno.

"Kwa mtoto huyu kipo?"

Nikatazama viatu vyangu. Akaniambia ini limeharibika sana, atajaribu, lakini hata akipona, nikimrudisha kwenye maji yale nimemrudishia ugonjwa uleule.

Nilimwacha Limi wodini, nikarudi nyumbani moyo unawaka. Nikapiga ngoma, vijana wakaja, nikawaambia twendeni chini kwa dada. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza, wala hakuwa na nia mbaya, "Amepika nini?" Mwanangu, ningempiga, lakini maneno yalikuwa yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikachukua jembe na sururu, nikaenda peke yangu, nikaanza kuchimba kwenye kimwinuko nyuma ya nyumba ya dada. Ardhi ilikuwa imelowa, kila nikitoa ndoo moja ya udongo nusu yake inabomokea ndani. Nilichimba kwa hasira na kwa haya.

Dada akatoka akanisimamia kichwani.

"Weka jembe chini, Mabula."

"Dada, daktari amesema..."

"Nimesikia alichosema. Nakwambia weka chini. Hiki unanichimbia kwa sababu ni dada yako. Yule mjane pale ana kaka? Wale Wakerewe kule wana kaka hapa kijijini? Mavi ya jirani yangu yataingia kwenye maji yaleyale anayochota Limi. Choo changu kimoja kitaziba nini?"

Nikaweka jembe chini. Akaendelea, na sauti yake ikaanza kutetemeka.

"Ulipotuambia tupike, hukuwa unapanga afya ya kijiji. Ulikuwa unatafuta kitoweo. Sasa nenda ukayaseme hayo mbele ya watu walewale waliokupigia makofi. Na mkianza, anzeni kwa yule mjane. Kwangu mtamalizia, mtu asije akasema nsumba ntale amemjengea dada yake."

Nilikwenda. Kukiri kosa mbele ya kijiji, na wewe ni kijana mwenye cheo, si kazi ndogo, usidanganywe. Nikasema nilikosea, na kwamba kuanzia kesho tunachimbia kwanza wasioweza kupika, na wenye nacho watateremsha chakula huko chini. Mzee Ngasa akanyanyuka.

"Tangu lini nikachinja kwa ajili ya shimo la mtu mwingine? Mila ni mila."

Kabla sijajibu, dada akasimama nyuma walikokaa wanawake. Akamwamkia kwanza. "Shikamoo, Mzee Ngasa." Mzee akaitikia marahaba, kwa shingo upande.

"Mpunga unaokula wewe, nani anaupanda? Wanaoupanda wamesimama kwenye maji yapi? Mwanangu alitapikia damu ndani ya jaruba lako. Niambie na hiyo ni mila ya wapi."

Mzee aliketi. Sikumwonea huruma, na hata leo simwonei, ingawa najua kuwa yeye alilipia alichoambiwa alipie, na aliyemwambia ni mimi. Kesho yake aliteremsha magunia mawili ya mchele. Vijana wachache walinisusa, wengi wakaja. Tulichimba mvuani, mashimo yakibomoka, tukiyazuia kwa magogo. Mjane kwanza, kisha Wakerewe, kisha nyumba za pembeni, na kisima kingine upande huo wa chini.

Tulikuwa tumebakiza nyumba ya dada tu wakati habari zilipofika kutoka hospitali kwamba Limi amefariki.

Tukamzika. Matanga yalipoisha vijana walikuja na majembe, wakasimama uani kwa dada wasijue wafanye nini. Mmoja akaninong'oneza kwamba labda sasa hakuna haja, mama amebaki peke yake. Dada alimsikia.

"Chimbeni," akasema. "Watoto wa wenzangu wanaoga pale."

Tukachimba. Hakuna aliyeimba siku ile. Tulipomaliza alitupakulia ugali wa muhogo na dagaa, tukala wote.

Kama tungeanza huko chini kiangazi kile, ardhi ikiwa kavu na vijana wakiwa na nguvu, sijui kama Limi angepona. Ugonjwa ulikuwa ndani yake tayari. Lakini tungemfikisha kwa daktari mapema, maana tungekuwa tumeingia uani kwao na kuliona tumbo lile kwa macho yetu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tulipitisha kiangazi kizima bila kukanyaga nyumba za watu wale, huku tukijiita waokoaji wa kijiji.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nasaha isiyosemwa wazi haina faida. Maradhi ya kukaa mwilini miaka hayana kelele, na hupenda nyumba ambazo hakuna kiongozi anayezipitia. Mkipanga kupima presha pale kwenye lami penye viti na kivuli, watakuja wale ambao hata wasipokuja, hospitali wanaijua. Anzeni kwenye mawe. Nendeni kwa mama anayeuza samaki alfajiri na kurudi jioni, mkamuulize ni saa ngapi anaweza kupimwa, wala msimpangie saa yenu. Wawekeni wawili watatu wa kule kwenye kamati, wakae mbele, waseme. Na mwenye uwezo akichangia, mshukuruni, ila asichague nyumba ya kuanzia. Mkishindwa kufanya hivyo, chaneni karatasi hiyo, maana itakuwa inawatangaza ninyi tu.

Nimekusema kwa ukali, najua. Ningekuwa sikupendi ningekusifu ukaenda zako. Kalete karatasi hiyo tuiandike upya leo hii, na Mungu akupe miguu ya kupanda kule juu, na masikio ya kuwasikia utakaowakuta. Akuepushe na maradhi wewe na wao, akujalie uzee mrefu kama wangu, na usiwe na jina la mtoto unaloshindwa kulitaja bila kulia.