Mtwanga Mpunga Aliyeifuata Gramafoni hadi Kabambare

Saa mbili asubuhi, umande bado uko kwenye paa za nyasi za mtaa wa Waislamu, Kasongo. Uani kwa Amisa Binti Sumaili, wanawake wanne wamezunguka vinu viwili. Michi inapanda na kushuka kwa zamu, mpunga unavuliwa maganda, na juu ya vichwa vyao inaning'inia gramafoni, imefungwa kamba pembe zote nne kama chungu kwenye susu.

Haiwezi kukaa chini. Mchi ukitua kwa nguvu ardhi inatikisika, sindano inaruka, na mwimbaji anarudia neno lile lile kama mwenye kigugumizi.

"Nilitia juu ya kiti, nikatia juu ya sanduku. Wapi! Kila pahali iko naruka," anasema Amisa, ungo mikononi, pumba zikipeperuka mbele ya uso wake. "Nikasema, basi, nitaitundika. Nyama inakaa juu ya moshi, muziki nayo itakaa pale."

Amisa ana umri wa miaka arobaini hivi. Ni mjane, na huwatwangia mpunga wachuuzi wa sokoni. Ujira wake ni vibaba viwili vya mchele kwa kila gunia, pamoja na pumba ambazo huwauzia wafuga kuku. Kwa kipato hicho anakula, anavaa, na inapobidi ananunua sindano za gramafoni, maana sindano butu hula santuri kama mchwa alavyo mti.

Anayetaka kusikiliza anaingia. Hakuna kiingilio. Mgonjwa anatandikiwa mkeka, mwenye haraka anasimama mlangoni na mzigo wake kichwani. Marie-Louise, mke wa katekista, huja kutoka upande wa misioni na nguo zake za kushona.

"Kule kwetu tuko na kinanda ya kanisa, na ninaipenda," anasema Marie-Louise. "Lakini kinanda haina kucheka. Hii ya mama Amisa inacheka."

Gramafoni hiyo ililetwa na marehemu Abedi, mume wa Amisa. Alikuwa askari, na aliporudi kutoka vita vya Wazungu aliinunua Usumbura kwa mshahara wake wa jeshi. Alimfundisha mkewe kuzungusha mpini kwa upole na kuishusha sindano kama mtu anayemlaza mtoto. Palipokuwa na maneno ya Kilingala, alimfasiria.

"Abedi hakuwa mutu wa maneno mengi," anakumbuka. "Tukigombana, hasemi pole. Anaenda kuweka diske. Mi najua pale pale: huyu ananiomba radhi."

Santuri za kwanza zilikuwa chache. Nyingine alizinunua Amisa mwenyewe kwa mchele wake, moja moja, kwa wachuuzi waliopita: rumba za Léopoldville, magitaa ya Elisabethville, na moja ya Kiarabu yenye sauti ya mwanamke, ambayo wazee wa mtaa huisikiliza wakiwa wamefumba macho.

Miaka sita iliyopita homa ilimchukua Abedi. Eda ya Amisa ilipokwisha, shemeji yake, Ismaël, alifika kutoka Kabambare na baiskeli.

"Shemeji, ile mashini ya kaka yangu, nakuja kuibeba," alisema.

"Unaibeba wapi?"

"Kwetu. Wewe hukumuzalia mutoto. Kitu ya mutu inarudi kwa ndugu zake."

Neno hilo lilimchoma. Amisa na Abedi walikuwa wamezika watoto wachanga wawili. "Nilitaka kumwambia hao wawili walikuwa na majina," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo ungo unatulia. "Mudomo ikakataa."

Mdomo ulikataa, lakini miguu haikukataa. Kesho yake alikwenda barazani kushitaki. Mtaa ulicheka: mjane mtwanga mpunga anamshitaki ndugu wa mumewe kwa ajili ya kelele! Amisa alikaa mbele ya wazee na kueleza habari yake bila kutoa chozi. Wanawake wa vinuni walisimama kumshuhudia kwamba santuri nyingi zilitokana na jasho lake.

Wazee walikata shauri. Gramafoni ilinunuliwa kwa mshahara wa askari, kwa hiyo ingekwenda kwa ndugu yake. Santuri zilizonunuliwa kwa mchele zingebaki kwa mjane. Kuhusu zile chache za Abedi, Ismaël mwenyewe alipunga mkono. "Abaki na sahani zake zote," alisema. "Tutapata zingine."

Akaifunga gramafoni nyuma ya baiskeli, akaondoka.

Msimu mzima wa mvua ua ulikuwa kimya. Amisa alitwanga, akapepeta, na kila Ijumaa akafuta santuri zake kwa kitambaa laini zisipate ukungu. Watu walimshauri aziuze. Sahani bila mashini ni nini? Alijibu kwamba bado anafikiri.

Siku moja Célestin, dereva wa lori la pamba, alikuja kuchukua mchele akamwambia, "Mama, ile mashini yako kule Kabambare haina kusema. Napita pale kila safari. Kimya kabisa."

"Nikaona, ehe, hana diske," anasema Amisa. "Yeye iko na mudomo, mi niko na maneno. Basi nitamufuata."

Aliomba serikalini ruhusa ya safari, akafunga santuri ndani ya blanketi, blanketi ndani ya kikapu, akapanda juu ya lori la Célestin. Njiani kikapu hakikutua chini. Alikipakata, na kila lori lilipoingia shimoni aliinuka kidogo ili magoti yake yabebe mshituko.

Walipofika Wamaza, daraja la magogo lilikuwa limevunjika, na lori likakwama hapo. Amisa alipokelewa na mkulima wa pamba aitwaye Julienne, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Asubuhi yake Julienne na wenzake walikaa barazani kuchambua pamba, wakaanza kuimba kwa Kibangubangu. Mmoja alirusha neno, wengine wakalidaka, Julienne akalibeba chini kabisa, huko ambako sauti za kike hazishuki mara nyingi.

Amisa aliweka kikapu chini.

"Nikawaambia, mwanzo! Wakaniangalia. Mwanzo ya nini? Nikasema, rudisheni mwanzo, kama diske. Wakacheka sana. Lakini wakarudisha."

Kutoka Wamaza alikwenda kwa miguu, santuri kichwani. Alimkuta Ismaël uani kwake, Kabambare.

"Unakuja kuomba?" Ismaël aliuliza.

"Sikuja kuomba. Nilikuja kusikiliza."

Ismaël aliingia ndani, akatoka na gramafoni imefunikwa kitambaa, akaiweka mbele ya shemeji yake. Amisa alishika mpini. Ulizunguka bure, mwepesi kama kichezeo cha mtoto.

"Imekufa," alisema Ismaël.

Siku ya harusi ya binti yake, alieleza, aliazima santuri kwa karani wa duka. Wageni walikuwa wamejaa. Kwa furaha yake alizungusha mpini, akaendelea kuzungusha hata uliposhupaa, mpaka kishindo kikalia ndani. Ule utepe wa chuma unaojikunja na kuisukuma santuri, ambao mafundi huuita resori, ulikuwa umekatika. Wageni waliondoka bila kusikia wimbo hata mmoja.

"Mi nilitaka tu nisikie kile kaka yangu alikuwa nasikia," alisema.

Amisa anakiri kwamba alikuwa amebeba maneno makali tangu Kasongo, na kwamba hapo yalimpotea yote. Akamwambia, "Unipe niipeleke kwa fundi. Ikipona, masika itakaa kwangu. Kiangazi nitaileta hapa, na diske zake zote."

"Na nikikataa?"

"Utabaki na sanduku, mi nitabaki na sahani, na Abedi atabaki kimya."

Ismaël alitafuta kamba. Aliifunga gramafoni mwenyewe, akamtwika.

Huko Kasongo, Gaston, fundi saa wa sokoni, aliifungua na kutikisa kichwa. Resori mpya haikupatikana. Alikata kipande kilichoharibika, akatoboa tundu jingine, akaurudisha utepe ukiwa mfupi. Tangu hapo gramafoni haifiki mwisho wa wimbo kwa pumzi moja. Katikati, sauti ya mwimbaji inaanza kuporomoka kama mtu anayesinzia, na lazima mtu aukimbilie mpini.

Wanawake wa vinuni wamezoea. Kila mmoja anajua ni wimbo upi unachokea wapi, na aliye karibu huacha mchi, akanyoosha mkono, akazungusha taratibu.

Ahadi ya Kabambare imetimizwa kila kiangazi. "Shemeji akifika, nyumba yangu inajaa hata mi nakosa pa kukaa," anasema Ismaël. "Yule hapana mutu wa kushindwa." Kiangazi cha kwanza, wageni walipokwisha kuondoka, alimwuliza Amisa majina ya wale watoto wawili. Amisa alimtajia. Leo hataki majina hayo yaandikwe gazetini. "Yale iko ya jamaa," anasema.

Mwaka huu wa 1957 anataka jambo jingine. Habari zimefika kwamba kiangazi watu wenye chombo cha kunasa sauti watapita Kindu kutafuta waimbaji. Amisa mwenyewe haimbi, na wenzake wa vinuni wanathibitisha hilo bila kuulizwa mara mbili. Anachotaka ni kumpeleka Julienne, pamoja na wenzake wa Wamaza.

"Tunasikiliza watu wa mbali tu," anasema Amisa. "Wale wa mbali watatusikia siku gani?"

Vizuizi si haba. Mume wa Julienne hajakubali sawasawa, na msimamizi wa pamba amesema hakuna mwanamke atakayeondoka Wamaza kabla ya mavuno kupimwa. Amisa hakubishana naye. Amewaaga wachuuzi wa mchele, na Jumatatu anapanda lori la Célestin kwenda kuvuna pamba ya Julienne, kisha ya wenzake mmoja mmoja, mpaka mashamba yao yote yaishe mapema. Baada ya hapo watavuka mto Lualaba na kutafuta treni ya Kindu.

Marie-Louise, akiwa ameshika sindano yake ya kushonea, anamwuliza swali ambalo wengi uani wanalo. "Na kama watu wa Kindu watawakataa?"

Amisa anarudi kupepeta.

"Watatukataa," anasema, "lakini watakuwa wamekwisha kutusikia."