Jinzi ya Bi Mkubwa

Mjomba wangu ni mtu ambaye suruali yake haijawahi kukaa kiunoni. Inaning'inia chini ya tumbo kama mgeni aliyekosa kiti harusini, na kila baada ya maneno machache anaipandisha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiendelea kutoa mawaidha. Naishi kwake Nachingwea kwa sababu ya shule, kwa hiyo mawaidha nimeyasikia yote na kupandisha nimekuona kote. Huyo ndiye, kati ya binadamu wote waliopo, aliyejitwika kazi ya kumfundisha bibi yangu stara.

Bibi ndiye aliyemzaa yeye na mama yangu. Anakaa Ruangwa mjini, mikorosho yake iko Mbwemkuru, na katikati kuna vumbi tupu na pikipiki aliyoiacha marehemu babu. Babu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuiendesha, na anaiendesha vizuri kuliko hao vijana wa kijiweni wanaoshika breki kwa kandambili. Shida ilikuwa dera. Siku moja karibu na soko la Ruangwa dera liliingia kwenye cheni, cheni ikalitafuna, na bibi akaenda chini polepole kama gunia la ufuta lililoegemezwa vibaya. Hakuumia. Aliyekufa ni dera. Ila watu waliiona miguu yake mpaka magotini, na kufika jioni habari ilikuwa imeshaingia Nachingwea ikiwa imepanda mpaka mapajani.

Kesho yake mjomba alikwenda akachukua ufunguo.

"Mama, nitakurudishia ukipata vazi ambalo haliingii kwenye cheni wala haliniaibishi," alimwambia. "Korosho zikianza kudondoka hujalipata, pikipiki anaichukua shemeji yangu."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni mtu mzima asiye na kazi inayojulikana. Alikuwa ameshanunua helmeti. Pikipiki ya wenzake bado ina moto, yeye ameshajipima kichwa.

Nieleze vizuri hapa kilichokuwa kinapotea, maana mjomba alikuwa anaongea kama vile ni suala la matembezi tu. Bila ile pikipiki, bibi angekuwa mtu wa kusubiri kupelekwa shambani kwake mwenyewe. Angepelekwa na nani? Na hao hao. Na mtu anayekupeleka shambani kwako leo, mwakani atakuambia usihangaike kuja, atakuokotea yeye.

Bibi alinipigia simu.

"Mke mwenzangu, unajua kushona, au unajua kucheka tu?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo mimi na bibi ni wake wenza na utani wetu hauna breki. Yeye ni bi mkubwa, mimi bi mdogo. Mume ametuacha sote wajane, na mimi niko kidato cha tatu.

"Vyote viwili, bi mkubwa. Ila kwenye kucheka ndiko nilikofaulu zaidi."

"Basi nataka jinzi."

Alikuwa ameshajaribu za mtumba. Zile jinzi, sijui huko zinakotoka wanawake wao wameumbwaje. Nadhani wamenyooka juu mpaka chini kama nguzo ya umeme. Ikishapita nyonga za bibi kwa kusukumwa, kiunoni kwa nyuma linabaki pengo la kuweka chupa ya chai. Ikibana kiunoni, nyonga hazipiti kabisa. Mwenye genge la mtumba akamwambia, "Bibi, hiyo ndiyo fasheni." Watu wa mtumba bwana. Ingekuwa na mguu mmoja pia angesema fasheni.

Kwa hiyo kwanza alikuja Nachingwea kwa fundi, rafiki wa mjomba, anayeshonea kwenye baraza la duka pale sokoni. Nilimsindikiza, na nashukuru, maana vitu vingine mtu ukisimuliwa huwezi kuamini. Yule fundi ana kiolezo kimoja cha suruali. Kimoja! Amekikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kimetundikwa kwenye msumari, na humo ndimo zinamotoka suruali zote za wilaya: za wanafunzi, za mabwana harusi, za mgambo. Ukiwa mwembamba anapunguza pembeni. Ukiwa mnene anaongeza pembeni. Kwake yeye binadamu ni pembeni tu, mbele na nyuma hakuna habari.

Halafu ikaja kupima. Bibi alikuwa amejifunga kanga moja kiunoni, nyingine juu yake, kama mama yeyote wa heshima anayetoka nyumbani. Kuvua mbele ya fundi mwanaume, haiwezekani. Fundi naye kumwambia avue, haiwezekani zaidi. Akapitisha tepu juu ya kanga zote mbili, pamoja na lile fundo la mbele, huku kichwa amekigeuza anaangalia mtaani kwa adabu. Hata namba hakuisoma yeye, alimwambia bibi aisome mwenyewe. Bibi miwani aliiacha nyumbani.

"Fundi," nikamwambia, "umepima kanga hizo. Bibi mwenyewe yuko ndani."

"Mtoto wa shule nyamaza. Nimeanza kushona kabla mama yako hajaolewa."

Ilionekana. Suruali ilipotoka, bibi aliivaa chumbani kwangu akaishika kwa mbele, na upande wa nyuma tungeweza kufuga kuku. Tukairudisha. Fundi akakunja kitambaa kilichozidi akakishona nyuma, likatokea tuta linaloelekea chini kama mkia wa mbuzi. Mjomba alipoliona akasema, "Mmeona? Jinzi si vazi la mwanamke." Akapandisha suruali yake.

Likizo ilipofika nilikwenda Ruangwa na kitambaa kipya. Kushona nilijifunzia Naipingo kwa mama, kwenye foronya na sare za wadogo zangu, na bibi anayo cherehani ya miguu aliyokuwa anaiwekea sufuria juu. Nikatoa sufuria. Nikafunga mlango na dirisha nikamwambia avue kanga.

"Zote?"

"Zote, bi mkubwa. Mumeo ni marehemu na mimi ni mke mwenzio. Unamwogopa nani?"

Akavua, akabaki na gagulo, huku akinitukana kwa Kimwera matusi ambayo sitayatafsiri kwa sababu shuleni nina nidhamu. Nikampima kiuno, nyonga, paja, goti. Kati ya kiuno chake na nyonga zake kulikuwa na tofauti ambayo kile kiolezo cha saruji hakijawahi kuisikia tangu kitundikwe.

Nilichora yangu kwenye karatasi, na sikutaka kukata jinzi kabla ya kujaribu, kwa hiyo nikanunua bafta, nikaunganisha haraka haraka kwa mishono mirefu, nikamwambia avae. Bibi alikiangalia kile kitambaa cheupe, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Unanivisha sanda ningali hai?"

"Sanda haina miguu miwili, bi mkubwa."

"Toa hapa!"

Sikuweza kumshinda. Bafta ikaingia kabatini ikisubiri kazi yake, na mimi nikakata upya kwa shuka lake kuukuu la maua. Suruali ya maua makubwa mekundu. Alipoivaa akasimama mbele ya kioo, nikaona nimeweza: kiuno kimeshika, nyuma hakuna pengo, hakuna mkia. Nikaanza kujisifu. Nilimdharau yule fundi kwa sauti, kwa kirefu, na kwa mifano.

"Imebana," alisema bibi.

"Haijabana, imekushika. Umezoea nguo zisizokujua."

"Hebu nikae basi."

Pikipiki ilikuwa ukumbini, imefunikwa. Bila ufunguo haiendi, lakini kukaliwa inakaliwa. Bibi akapandisha mguu, akakaa, akainama kushika usukani. Na kiuno cha suruali kwa nyuma kikateremka, kikateremka, mpaka maua yote yakawa yameelekea Mbwemkuru kabla yake.

"Mwenzangu," akasema bila kugeuka, "kuna upepo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kama mjomba angeona hilo, shemeji angevaa helmeti yake siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimempima mtu aliyesimama. Nani anaendesha pikipiki amesimama?

Nikampima upya akiwa juu ya kiti, ameshika usukani, nikipitisha tepu kutoka kiunoni nyuma, chini, mpaka mbele. Kipande cha nyuma kilikuwa kifupi. Nikarudi kwenye karatasi, nikaikata kwa kulala, kuanzia katikati ya nyuma kuelekea pembeni, bila kufika mwisho, nikaifungua kama mtu anayefungua mlango kidogo kuchungulia, na lile pengo nikalibandika kipande kingine. Pembeni pakabaki vilevile, katikati ya nyuma pakapanda juu. Kiuno kikataka kuachia tena, nikaikunja karatasi kidogo pale juu, ile ziada ikapotea. Nikaikata upya ile ya maua, na bibi akapanda na kushuka ile pikipiki isiyowaka asubuhi nzima. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alimkuta hapo, na suruali ya maua, akaondoka bila chumvi.

Jinzi yenyewe ilinivunjia sindano kwenye makunjo mazito, mpaka nikaanza kuyaponda kwa mchi wa kinu kabla ya kushona. Ukiona mishono ya bibi imelala vizuri, ujue imetwangwa.

Jumamosi mjomba akaja kukagua. Alikuja na shemeji, shemeji alikuja na helmeti, majirani walikuja na macho yao. Pikipiki nilikuwa nimeshaitoa nje, iko uani. Nikaita, "Bi mkubwa, toka!"

Bibi akatoka. Jinzi, shati refu, mtandio kichwani. Na kanga! Kafunga kanga kiunoni, juu ya jinzi, juu ya kazi yangu yote. Mazoea. Nilitamani kurudi Nachingwea kwa miguu.

Mjomba akatabasamu. "Hapo sasa. Suruali ndani, kanga juu. Hivyo ndivyo mama wa watu anavyovaa."

"Mjomba, kanga si itaingia kwenye cheni?"

"Ataendesha polepole."

Kumbe. Hata cheni haikuwahi kuwa shida. Nikamwangalia bibi, nikaona na yeye amesikia.

Mjomba, ili aonekane mtaalamu mbele ya watu, akatoa ufunguo mfukoni akaunyoosha kuelekea cheni. "Na hii inataka grisi," akasema, akachuchumaa kuikagua. Suruali yake, ambayo hata kusimama ilikuwa inasuasua, ikaamua kupumzika kabisa. Majirani walioegemea uzio wa nyuma waliona zaidi ya walivyoalikwa. Mtoto mmoja akapiga yowe la furaha.

Bibi akafungua kanga yake taratibu, akaikunjua, akamfunika nayo mwanawe kuanzia kiunoni.

"Jisitiri, baba. Watu wanakuona."

Mjomba akainuka, mkono mmoja kwenye suruali, mwingine kwenye kanga, ufunguo unaning'inia kidoleni hana mkono wa kuutetea. Bibi akauchomoa. "Ahsante, mwanangu." Akamgeukia shemeji. "Na hiyo umeniletea mimi?" Shemeji akaangalia helmeti kana kwamba ndiyo itakayomjibia. Bibi akaichukua, akaivaa juu ya mtandio, ikamkaa.

Akawasha, akaondoka. Wengine walimwangalia yeye. Mimi niliangalia kiuno cha nyuma tu, mpaka anakata kona ya kwenda Mbwemkuru. Hakikushuka hata kidogo.

Sasa nimerudi Nachingwea. Jana mke wa mjomba aliniita jikoni, kwa sauti ya chini, kuniuliza kama naweza kumshonea mumewe suruali inayokaa. Nimemwambia naweza, aje tu nimpime. Avae na kanga mbili.