Mapasa Waliopotea Katika Rejista ya Ubatizo

Kwa karibu mwaka mzima, programu niliyoiandika kwa mikono yangu ilikuwa ikimfuta pacha mmoja katika kila jozi ya mapacha. Haikutoa onyo lolote. Dirisha lilifunguka vizuri, orodha ilijipanga kwa alfabeti, na katibu wa parokia aliendelea kuniombea baraka. Aliyegundua si mimi. Ni mama mmoja aliyekuja kutafuta karatasi mbili, akaonyeshwa moja.

Parokia yetu, hapa Lubumbashi, iliandika ubatizo katika rejista kubwa za karatasi. Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja juu ya kabati, na rejista tatu zikalowa mpaka kurasa zikashikana. Paroko akaniomba nimtengenezee programu ya kompyuta: dirisha moja lenye nafasi za jina, tarehe, baba, mama na msimamizi, na chini yake kitufe cha kuhifadhi. Nilikuwa nimekwisha kuandika programu kama hizo kwa maduka na zahanati. Nilimaliza kwa wiki mbili.

Katibu ni mama wa makamo anayekaa mtaa wa Makomeno. Mimi humwita yaya, yaani dada mkubwa. Yeye ndiye aliyenakili. Alitenganisha kurasa zilizolowa kwa kisu cha siagi, akausoma wino uliotawanyika, akaandika kwenye kompyuta. Ukurasa ukishanakiliwa, aliuchoma nyuma ya ofisi, kwa sababu ukungu wake ulimkohoza. Hakuna aliyeona ubaya. Tulisema yote yamo ndani ya mashine.

Siku moja akanipigia simu.

"Ingénieur, mashini yako iko nalala! Nafinya kuhifadhi, dirisha inakuwa yeupe. Nafinya tena, nafinya tena. Kiisha inaamuka, mutoto moya anakuwa batatu."

"Yaya, ngoya kidogo tu, itaamuka."

"Kungoya? Niko na rejista tatu hapa, weye unasema kungoya! Unataka bapadri banizike pamoya na hii marejista?"

Nilicheka, lakini sababu niliijua tangu sentensi yake ya kwanza. Katika programu yenye dirisha kuna mfululizo mmoja wa kazi, sisi tunauita uzi, ambao ndio unaochora dirisha na kusikiliza vidole vya mtu. Mimi nilikuwa nimeutwika uzi huo huo kazi ya kuandika faili zima kwenye diski kila mara. Ukiwa unaandika, hauchori. Dirisha linageuka jeupe, na kila mbofyo wa yaya unapanga foleni, kisha yote inatekelezwa kwa zamu. Dawa yake inajulikana: kazi nzito ihamishiwe uzi mwingine, na kitufe kizimwe mpaka ile ya kwanza iishe. Ilinihitaji siku mbili za kukaa na kufikiri.

Sikukaa. Nilibandika kiraka cha saa moja. Kabla ya kuhifadhi, programu itafute mtoto mwenye tarehe ile ile ya kuzaliwa, baba yule yule na mama yule yule. Ikimpata, iulize kama yaya anataka kumbadilisha. Jina la mtoto niliacha kulilinganisha kwa makusudi, kwa kuwa wino ulikuwa umefifia, na yaya mara nyingi alilisoma hivi asubuhi akalisahihisha jioni. Tena, kwa kuwa anaandika bila kugusa kipanya, nilipanga jibu la "Oui", yaani ndiyo, liitikie kitufe cha Entrée, ile Enter ya kibodi. Kisha nikaipitisha kanuni hiyo juu ya faili lote, kuwaondoa wale watoto waliorudiwa mara tatu. Nilimbakiza aliyeandikwa mwisho.

"Ukiona ile swali," nilimwambia yaya, "piga Entrée tu."

Mimi ni mtoto wa familia iliyotoka kaskazini mwa Katanga. Babu yangu aliletwa hapa na kazi ya reli. Kwetu, mwanamke akizaa mapacha, jina lake la zamani linawekwa kando. Ni mama mapasa, mama wa mapacha, mpaka kufa. Mgeni hamletei kitambaa kimoja. Kinachopewa mmoja kinapewa mwenzake, hata kama mwenzake yuko makaburini. Haya niliyajua kabla ya kujua kusoma. Lakini nilipoandika masharti yale matatu, siku moja, baba mmoja, mama mmoja, sikuwakumbuka mapasa hata kidogo.

Siku yule mama wa karatasi mbili alipokuja, nilikuwa ofisini nikipanua vitufe vyenye maneno ya Kifaransa yaliyokuwa yakikatwa pembeni. Aliketi kwenye benchi, akaweka mkoba magotini.

"Nakuya kutafuta karte ya batisimu ya batoto bangu," alisema. "Mapasa. Mudogo anaolewa. Mukubwa alikufaka na miaka ine, na surua. Lakini munipe zote mbili."

Yaya akaandika jina lake. Ukatokea mstari mmoja.

"Ule ni mudogo," mama akasema. "Mukubwa iko wapi?"

"Mama mapasa, hapa naona moya tu."

Mama akacheka kidogo, kama mtu anayetaniwa. "Mashini yenu haiyue kuhesabu mpaka mbili? Nilibazala siku moya, padri akabamwangia maji siku moya!"

Mikono yangu ilikuwa bado juu ya kibodi ya kompyuta yangu. Nilimwuliza yaya, polepole, mara ngapi alikuwa ameona lile swali.

"Mingi," akajibu. "Si weye njo ulisema nipige Entrée?"

Hakusema kwa hasira. Nililifungua faili lenyewe, nikawatafuta mapacha wote. Katika parokia nzima sikupata jozi hata moja.

Yaliyokuwa katika rejista nyingine, zile ambazo hazikulowa, tuliyarudisha; tuliandika upya, ukurasa kwa ukurasa. Dirisha nalo nikalitengeneza kama nilivyopaswa tangu mwanzo: halilali tena, wala halimfuti mtu. Lakini ukurasa wa mama huyu ulikuwa kati ya zile zilizolowa, na zilizolowa zilichomwa. Picha ya yule mkubwa hana. Kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, hakuandikishwa. Kadi ya zahanati ilipotea walipohama nyumba.

"Jina yake ilibakiaka mu ile rejista tu," alituambia. Alikuwa ameacha kucheka.

Paroko alisema hawezi kusaini karte ya mkubwa kwa neno la mzazi peke yake. Anataka shahidi mwingine. Msimamizi amekwisha kufa. Baba wa watoto pia.

Kisha yaya akakumbuka padri msaidizi aliyehamishiwa Kilwa, ile ya huku kwetu Katanga kando ya ziwa, kabla sijabandika kile kiraka. Padri huyo alikuwa amenakili faili kwenye flash yake, ili ajifunze nayo. Kama ukurasa wa mama mapasa ulikuwa umeshaandikwa siku ile, wote wawili wamo. Yaya hakumbuki. Alianza na rejista gani, alinakili nini wiki gani, hajui. Nimemwuliza mara nyingi kuliko inavyofaa.

Padri amejibu kwa simu kwamba flash anayo, lakini huko alipo hana kompyuta ya kuifungulia. Amemkabidhi dereva wa lori la samaki. Mvua imeikata barabara, na lori halijafika.

Karte ya mdogo, cheti chake cha ubatizo, imesainiwa, ina muhuri. Bila hiyo paroko wa upande wa bwana harusi hawezi kutangaza ndoa, na binti, asiyethubutu kuichukua mwenyewe, amekwisha kwenda mara mbili kumsihi mama yake. Mama anajibu kwamba hawezi kumbebea mmoja na kumwacha mwenzake. Mpaka leo hajaja kuichukua.