Mkanda wa Darubini

Leo nimefungua sanduku la baba, na darubini yake ikatoa harufu ile ile ya ngozi iliyokolea nta ya nyuki. Mara nikajikuta Tsavo, utotoni, kiti cha nyuma cha gari la anko, mimi na dada yangu tukisukumana dirishani.

Baba alikuwa mrina asali. Ndege wa kuonyesha asali akilia, mrina humjibu kwa mluzi, kisha humfuata hadi kwenye nyuki. Tulipokuwa tukitoka Makindu asubuhi, baba alituahidi kwamba yule ambaye ndege huyo atamjibu ndiye atakayevaa darubini.

Ndege alipolia juu ya mgunga, mimi ndiye niliyemsikia kwanza. Nikapiga mluzi. Lakini meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, ikatoka hewa tupu. Dada akapiga wake, mwembamba kama wa baba. Ndege akashuka tawi la chini, akajibu.

"Huyu msichana ni mimi kabisa," baba akamwambia anko.

"Na mimi je, baba?"

"Wewe ngoja meno kwanza."

Akamvalisha dada darubini, akaupiga mkanda fundo ili isimfike magotini. Siku nzima dada alitutajia hondohondo, kanga, tai. Mimi sikuona ndege hata mmoja. Nilikuwa natazama shingo yake.

Meno yaliota, na mluzi niliujua. Fundo halikufunguliwa.

Sasa hivi nimefunga mlango, nikajaribu kuivaa darubini. Mkanda umekwama masikioni.