Nionyeshe Miguu

Mjukuu wangu alipofunga safari ya India, kiangazi cha mwaka ule kabla ya korona, nilimwambia mama yake wazi: "Mtoto anakwenda kufanya kazi bila mshahara, nchi ya watu, nyumba ya watu. Huyo anayempokea anataka nini?"

Mama yake ni binti yangu, muuguzi, ndiye aliyenitoa Tanga akanileta hapa Grand Prairie, Texas. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, hata viatu hajavua.

"Mama, ni wanafunzi, wanajitolea. Anafundisha watoto kusoma Kiingereza. Chuo kinajua, mimi najua. Wewe unataka nini?"

Nilitaka arudi amalize chuo. Hilo tu. Mtoto yule nimemlea mimi kwa mikono hii, ana akili inayowaka, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la nne.

Basi akafika Jaipur, akapewa chumba kwa mama mmoja mjane. Asubuhi yangu ni jioni yake, ndipo tulipokuwa tunaonana kwenye simu. Mwanzo nilifurahi. Anaoga kwa ndoo na kopo! Mtoto ambaye hapa akiingia bafuni maji ya moto yanatuishia nyumba nzima. Anafua kwa mkono, anaanika juu ya paa, nyani wanamwibia. "Bibi, nyani kachukua soksi yangu, moja tu!" Anapanda bajaji na kubishana bei kwa Kihindi cha kuokoteza. Kula ni dengu asubuhi, dengu jioni, nyama haionekani. Joto kama la hapa Texas, ila umeme ukikatika hata feni inalala. Nikasema vizuri, aijue dunia.

Halafu nikaanza kusikiliza sawasawa.

"Bibi, mama wa hapa kila Jumapili ananipaka mafuta ya nazi kichwani." Nikahesabu moja. "Jua likizama hataki nitoke, anafunga mlango." Nikahesabu mbili. Siku moja akatokea kwenye simu uso wa njano kama embe.

"Umefanya nini?"

"Manjano na unga wa dengu, ya chunusi. Mama kanipaka."

Mama! Mama yake yuko chumba cha pili anakoroma. Baadaye zikaja bangili nyekundu za kioo, zinalia kila akijikuna. Na nyuma yake sauti ya mwanamume.

"Nani huyo?"

"Mtoto wa mwenye nyumba, kaja kumwona mama yake. Ni injinia."

"Kaoa?"

"Bibi, jamani!"

Nikamfuata binti yangu jikoni. "Mafuta, manjano, bangili, mlango unafungwa. Mtoto amewekwa ndani, anasingwa kama mwali. Wewe mwana wa Tanga hujui hiyo ni nini?"

"Tanga ni Tanga, Mama. Kule ni kule."

"Manjano ni manjano."

"Unatazama tamthilia nyingi sana," akasema, akaenda kulala.

Natazama, sikatai. Lakini asubuhi moja mjukuu wangu aliinua mikono mbele ya simu, na ilikuwa maua matupu, hina kuanzia vidole mpaka karibu na viwiko. Kwetu msichana hachorwi vile mpaka siku yake.

"Nzuri, eeh? Ni ya sikukuu tu, Bibi. Wanashangilia mvua, wanawake wamefunga bembea mitini."

Chai ilinimwagikia mapajani. Ya sikukuu tu! Neno hilo hilo niliambiwa mimi. Shule niliingia nimechelewa, kwa hiyo darasa la nne nilikuwa msichana mkubwa. Shangazi zangu wakanifungia chumbani, wakanisugua liwa na manjano, wakanipaka hina mikono na miguu. Nilipouliza wakasema ni ya Idi. Na Idi ilikuwa karibu kweli, binamu zangu nao walipakwa vidoleni, nikaamini. Nikakaa nimenyoosha miguu hina ikauke, nikiwaza mwalimu wa hesabu atanichapa akiona. Idi ikaja na mume akaja nayo. Hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Lakini shule sikurudi, na hakuna aliyeniuliza.

"Nipe huyo mama," nikasema.

Akaja, nywele nyeupe, kajitanda mtandio. Mikono yake haikuwa na hata tone la hina.

"Sikukuu ya wote, mbona yeye hana?"

"Mjane, Bibi. Wajane hapa hawapaki."

Yule mama akaita watoto wa jirani, wakajazana kwenye simu na viganja vyao vyekundu. Sikudanganyika. Hata binamu zangu walipakwa.

"Nionyeshe miguu," nikamwambia mjukuu wangu.

"Nini?"

"Miguu! Nyayo! Inua!"

Maana mikono inaweza kuwa ya sikukuu, lakini anayeozwa hupakwa mpaka nyayo. Akainua. Yarabi! Vumbi, kisigino kimepasuka, alama ya kandambili, kidole gumba kimefungwa plasta. Hina hakuna. Hakuna ukoo duniani utakaomtoa bibi harusi na nyayo zile.

Mama wa kule akatazama nyayo, akanitazama mimi, akashika mdomo. Alinielewa kabla ya tafsiri. Akasema maneno mengi, mjukuu wangu akacheka mpaka simu ikaanguka.

"Anasema mwanawe kaoa zamani, Bibi, ana watoto wawili. Na anasema kwa miguu hii hata angekuwa hajaoa angekimbia."

"Mwambie na mimi ningekimbia."

Tukacheka wajane wawili, kila mtu kwa lugha yake. Lakini moyo wangu hautulii kwa kicheko cha kwenye simu.

Alipotua, mama yake alimrukia, wakalia. Hina ilikuwa imebaki kwenye kucha tu. Mimi nilitazama chini. Amevaa raba na soksi.

"Vua, mke mwenzangu."

"Bibi, hapa uwanja wa ndege? Watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Vua."

Akavua, akasimama mguu mmoja, ameshika bega langu. Nilikishika kisigino, kigumu kama cha mkulima, nikageuza unyayo kwenye mwanga, na mwingine vilevile.

"Haya, vaa," nikamwambia. "Jumatatu una chuo."